Chumba Kilichojengwa Juu ya Shimo

Kila Jumamosi Jovitha aliteka maji kisimani, akafagia uwanja, kisha akamenya ndizi pamoja na mama yake, Marsiana. Lakini Jumamosi ile baba yake, mzee Ildefonce, alimwambia afagie mara ya pili.

"Leo anakuja mkaguzi kuitazama nyumba yetu mpya," alisema.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wakimbizi waingie Ngara. Hapo kijijini kwao Bugarama malori yalipita kutwa, na mashirika yalitafuta nyumba za kupanga. Shirika moja la afya lilitaka nyumba ya Ildefonce iwe mahali pa kulaza watoto waliodhoofu, wa kambini na wa vijijini. Sharti lilikuwa moja: kwanza ikaguliwe na mtaalamu.

Jovitha alifagia, macho yakirudi kwenye nyumba ile. Alikijua chumba chake cha mwisho. Zamani pale palikuwa na shimo la babu la kuivishia ndizi za pombe. Baba alipoanza kujenga alilijaza vigogo vya migomba na majani, akashindilia udongo juu yake. Jovitha mwenyewe alisaidia kukanyaga. Mvua za Aprili zilipokuja, ukuta wa kona ulipasuka. Baba akaziba ufa kwa saruji, akapaka chokaa.

"Hili ni la humu ndani," alimwambia Jovitha siku ile. "Umesikia?"

Saa tatu alifika mwanamke mmoja kwa pikipiki, mkoba begani. Jirani yao, Malongo, alicheka kutoka upande wa pili wa ua.

"Kumbe mkaguzi ni mama! Ildefonce, atapandaje darini na gauni?"

"Chini nina suruali, mzee wangu," alijibu yule mwanamke. "Wewe njoo unishikie ngazi."

Malongo alikuja na ngazi yake begani.

Mkaguzi aliitwa Bi Verediana. Kabla ya kugusa chochote alimwonyesha Ildefonce barua ya utambulisho.

"Usiniamini kwa sababu ya mkoba tu," alisema. "Nimesomea ujenzi miaka mitatu chuoni, halafu nikafanya kazi miaka minne chini ya mkaguzi mzoefu ndipo nikaruhusiwa kukagua peke yangu."

"Basi ukimaliza, wewe ndiye utakayetutengenezea penye kasoro?" Ildefonce aliuliza.

"Hapana. Anayekagua asiwe fundi wa nyumba hiyohiyo, asije akabuni ubovu ili apate kazi."

Marsiana alitaka kumchinjia kuku. Bi Verediana alimshukuru, akakataa. "Nikishiba kuku wako, mama, macho yangu yatakuwa mazito."

Alianza nje. Alizunguka nyumba yote, akatazama maji ya mvua yanakoelekea, akapima kwa hatua umbali kati ya choo na kisima. Alipanda darini kuchunguza kama mbao zimeliwa na mchwa. Ndani aligonga kuta kwa nyundo ndogo akisikiliza, na katika kila kona akashusha timazi, ile kamba yenye uzito inayoonyesha kama ukuta umesimama wima. Kila alichoona alikiandika.

Kwenye chumba cha mwisho alipapasa ukuta wa kona.

"Hapa pamezibwa."

"Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta?" Ildefonce alisema, akicheka kidogo. "Nimeziba."

"Umefanya vizuri. Lakini ufa una chanzo. Kabla ya nyumba, hapa palikuwa na nini?"

"Migomba tu."

Bi Verediana aligonga sakafu. "Siwezi kuvunja saruji ya mtu nitazame chini. Ninaandika ninachoona na ninachoambiwa na wenyeji."

Alikaa kibarazani kukamilisha taarifa yake. Jovitha alimletea maji ya kunawa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Watoto watalala chumba gani?"

"Shirika limechagua kile cha mwisho. Kina hewa nzuri."

Jovitha alilitua birika. Alimtazama baba yake aliyesimama karibu, kisha akatazama chini.

"Pale chini kuna shimo la ndizi," alisema polepole. "Tulilijaza vigogo vya migomba."

"Jovitha!" baba alifoka.

Marsiana akatoka jikoni. "Usimfokee, baba Jovitha. Mimi ndiye niliyepaswa kusema, nikaogopa."

Bila kuambiwa, Ildefonce alichukua jembe, akaenda kuchimba nje ya kona ile. Alipofika kina cha kiuno, jembe lilizama kama kwenye uji. Tope jeusi lilitoka, likinuka. Vigogo vilikuwa vimeoza, na kona ya ukuta ilikuwa imekaa juu ya uozo.

"Basi nyumba imekataliwa," alisema.

"Chumba kimoja kimekataliwa," Bi Verediana alimjibu kwa upole. "Vyumba vitatu ni imara. Bomoa hiki, ondoa uozo wote, jaza mawe na changarawe, shindilia tabaka kwa tabaka, kisha ujenge msingi upya. Nitarudi kukagua."

Kazi ilichukua miezi miwili. Malongo alisaidia kubeba mawe, akitania kwamba ameajiriwa na mama wa suruali. Bi Verediana aliporudi, alikagua upya tangu mwanzo, kana kwamba hajawahi kufika. Safari hii alitia saini.

Siku watoto wa kwanza walipoletwa, mvua kubwa ilinyesha. Jovitha na baba yake walisimama mlangoni wakitazama kile chumba. Mama mmoja alikuwa akimnyonyesha mwanawe karibu na ile kona.

"Siku ile nilikukasirikia sana," baba alisema. "Niliona umeniaibisha mbele ya mgeni. Lakini mkaguzi, hata awe amesoma vipi, haoni kilichofichwa chini ya saruji. Anamtegemea anayejua aseme. Mimi nilijua, nikanyamaza, na mvua hii ingewakuta watoto hawa humo ndani. Mwanangu, ukijua jambo linaloweza kumdhuru mtu, sema, hata kama anayekuambia unyamaze ni mimi baba yako."