Dakika za Nyanjige

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, katika ukumbi uliojaa watu mjini Bariadi, Nyanjige alikalia kiti cha bingwa. Hakujua. Alivaa gauni la kitenge la njano, na alikuja kujifunza Ngome, mchezo wa vita unaochezwa kwenye ramani iliyochorwa ubaoni, bila kujua hata kanuni moja.

"Dada, hapo nakaa mimi," alisema Mayige, akinukia manukato.

"Kiti kimeandikwa jina lako?"

"Hakijaandikwa. Ila watu wananiogopa."

"Mimi bado."

Katika mashindano ya siku hiyo Nyanjige alishindwa kila mchezo. Jioni Mayige alimpigia simu, na jioni zilizofuata pia.

"Mpenzi, vikosi vyako vinalala njaa. Linda njia ya chakula kwanza."

"Na wewe umekula?"

"Nakufundisha vita, unaniletea habari za ugali!"

Mashindano ya pili walimshinda kwa taabu. Ya tatu akaingia fainali, uso kwa uso na Mayige. Kombe hakulitaka. Alitaka Mayige atume mshenga kwao Mkula. Mayige alilijua hilo. Alikuwa ameahirisha mara mbili.

Alasiri, ngome ya Mayige ilikuwa imezingirwa, naye amebakiwa na kikosi kimoja. Ilikuwa zamu ya Nyanjige, na saa yake ilimbakizia dakika nne. Katika Ngome, dakika zako zikiisha umeshindwa.

Mayige akapiga goti.

"Nyanjige, nataka kukuoa. Mpigie mama yako sasa hivi, asikie kwa kinywa chako."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Nyanjige akapiga simu huku akilia. Kwao, habari haitangulii salamu.

"Mwadila, mayu," alimwamkia mama yake kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwanangu. Mhola?"

"Mhola, mayu."

"Kazini wazima? Mvua imenyesha huko?"

"Imenyesha. Mayu, nina habari."

"Huku pamba inasinyaa. Na baba yako mguu umevimba tena. Ngoja, shangazi yako Kabula yuko hapa, msalimie."

Alimsalimia shangazi, akaulizwa hali ya kila mtu. Saa ya mezani ikalia.

Mayige alisimama, akapangusa goti.

"Dakika zako zimekwisha, mpenzi."

"Si umesema unanioa?"

"Nilibakiwa na kikosi kimoja. Ningefanya nini?"

Msimamizi, Joyness, alizipitia kanuni. Hakuna iliyokataza kuchumbia mezani. Akamtangaza Mayige mshindi.

"Haya, mwanangu," ilisema simu, "habari gani hiyo?"

Nyanjige akakata.