Redio ya Baba

Kila nikitoka shule nilipita chini ya ghorofa tulilokuwa tukiishi, katikati ya mafundi cherehani, wauza viatu na makelele ya muziki, nikainua macho kutazama dirisha letu. Baba alipofariki, mama aliipangisha nyumba pamoja na fanicha zake zote, sisi tukahamia chumba kimoja kwa bibi, mtaa wa pili. Niliumia, jamani! Mtu baki ale kwenye meza yetu?

Mpangaji alikuwa nesi, mpole, asiye na makuu. Siku ya kukabidhiwa nyumba, yeye na mama walikagua vitu chumba baada ya chumba, wakivitia alama kwenye orodha. Redio ya baba ilitiwa alama sebuleni. Walipoingia jikoni, niliichomoa, nikaitumbukiza kwenye mkoba wangu. Kisha nesi akatia sahihi.

Miezi mitatu baadaye mama alikwenda kukagua, nami nikamfuata.

"Redio iko wapi?" aliuliza.

"Sijaiona tangu nihamie, dada."

"Hujaiona vipi, na sahihi yako hii hapa?"

Nesi aliitazama sahihi yake. "Haki ya Mungu, mimi si mwizi."

"Ilikuwa ya marehemu mume wangu! Tafuta kwingine pa kuishi."

Nesi aliingia chumbani, sisi nyuma yake, akaanza kukunja nguo zake huku machozi yakimtoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama, ninayo mimi," nilisema, nikaangua kilio. "Nilitaka kitu cha baba. Kila siku naiweka sikioni, hata betri haina."

Mama aliketi kitandani. Tangu mazishi sikuwahi kumwona akilia, lakini siku hiyo alilia mpaka kwikwi.

"Nisamehe, dada," alimwambia nesi. "Nimekuvunjia heshima."

"Yamekwisha," nesi alijibu, akazirudisha nguo kabatini. Mama akaifuta redio kwenye orodha, wote wawili wakatia sahihi upya.

Kisha mama akanivuta karibu. "Ungeniomba, ningekupa siku ileile. Badala yake ulinyamaza, mtu asiye na hatia akaitwa mwizi, tena na mimi mwenyewe. Ukikosa, sema mapema, mwanangu, kabla mwingine hajaumia. Na ukiumia pia sema. Usinifiche."

"Namkumbuka baba," nilisema.

"Hata mimi," alijibu mama, akanikumbatia.