Damu Ifike Ikiwa Hai

Haya aliniambia rafiki yangu Nchagwa, mtu asiyejua mzaha. Babake aliwekewa chuma nyongani, kikawa kinalia ko, ko kila akichechemea. Mwili ulipoanza kukikataa, damu ikatolewa ipelekwe Migori kupimwa kama chuma ndicho kinachomdhuru.

"Usiiweke kwenye barafu," mhudumu wa maabara alimwonya. "Lazima ifike ikiwa hai."

Nchagwa alikitia kichupa cha damu ndani ya shati, akawasha pikipiki. Njiani mawingu yalifunga, mchana ukawa giza. Simu ikalia. Alikuwa dadake, Pauline.

"Nchagwa, rudi. Baba ametuacha."

Alizima pikipiki, akalia peke yake gizani. Ndipo akasikia, ndani ya shati: ko, ko.

Alipogeuka kuelekea nyumbani, mlio ukashika mwendo wa mtu anayekimbia akichechemea.