Jani Bichi Kwenye Kidonda

Kila Jumamosi, mama alipokwenda kuuza maharage sokoni Kashaulili, Emelyne alibaki nyumbani Katumba kumtunza mdogo wake, Arcade. Jumamosi moja alikuwa ameinjika uji, Recho wa jirani akamwita wacheze rede, mchezo wa kukwepa mpira.

"Raundi moja tu, bibi harusi wa jikoni!"

Raundi haikuisha. Arcade aliivuta sufuria, na uji ukammwagikia mguuni.

"Leo mama ataniua," Emelyne alisema. Akakumbuka kwamba Nesi Skolastika wa zahanati aliwahi kumfunga jani la mgomba jirani yao aliyeungua moto. Kumbe rahisi! Alikata jani nyuma ya choo, akalifuta kwa sketi, akalifunga kwenye mguu kwa kitambaa.

"Ukiulizwa, sema ulijikwaa," alimnong'oneza Arcade.

Jioni mama aliporudi aliamini, akamsifu Emelyne kwa kumhudumia mdogo wake. Sifa ile ilimkaa Emelyne kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatatu Arcade aliamka anachemka kwa homa. Mguu ulivimba, kitambaa kikanuka. Mama alimbeba mbio hadi zahanati, Emelyne akifuata nyuma.

Mama alieleza kwamba Arcade alijikwaa. Nesi alifungua kitambaa, akakunja uso. "Aliyejikwaa hatokwi na malengelenge haya. Pamewekwa nini hapa? Semeni upesi, mguu huu unaoza!"

"Sema, baba," mama alimsihi Arcade.

Arcade alimtazama dada yake, akafumba mdomo. Mtoto wa miaka minne, anaungua kwa homa, na bado anautunza uongo wa dada yake! Emelyne hakuweza kuvumilia.

"Ni mimi! Uji ulimuunguza nikicheza. Nikamwekea jani bichi, kama wewe nesi."

Mama aliinua mkono. Nesi akauzuia. "Ngoja, mama. Sasa najua ninachotafuta."

Kwa kibano alichomoa vipande vya jani vilivyonasa ndani. Arcade alipiga mayowe, Emelyne akamkumbatia huku akilia.

Baada ya siku kadhaa za sindano na kusafishwa, homa ilishuka. Nesi akaweka jani lingine, laini na safi.

"Hili nimelichemsha," alisema. "Haligandi kwenye kidonda. Lako lilibeba uchafu wa nyuma ya choo. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi, kisha mlete hapa. Lakini jani lisingetushinda, Emelyne. Uongo ndio uliotuchelewesha. Kosa likisemwa mapema hutibika. Likifungwa kitambaa, huoza."