Ukuta wa Mawe Meusi

"Mtaje jina!" Okware alifoka. "Mwanamke hasogezi harusi mara mbili bure. Ni yule mzungu wa mashine huko kazini kwako?"

"Yule babu? Hata meno yake ni ya kununua."

"Usinichekeshe, Adeke. Leo hapana."

Adeke mwenyewe hakucheka. Alisimama nje ya nyumba yao mpya pale Merikit, gauni la maua ya njano limeloa jasho mgongoni, mkoba begani. Tangu Jumatatu alikuwa hajavuka kizingiti kile. Okware alikuwa mwashi, na kuta zile nyeusi zenye kumetameta alizijenga peke yake.

"Miezi minne mimi nabeba hii mawe na baisikeli kutoka kilimani. Sasa unaona aibu kuingia?"

Adeke alimpenda, tena sana. Lakini alikuwa ametia sahihi kutunza siri. Kambi ya wapima miamba ilimwajiri kuandika namba zilizosomwa na mashine kwenye kilima kile, na mkubwa wake alimwonya: serikali, miaka mitatu tu tangu uhuru, inataka umeme wa atomiki. Mpaka wizara itangaze, atakayefungua mdomo hana kazi. Na watu wanaochukua mawe pale, Adeke aliuliza? "Wangoje wataalamu mwakani," mkubwa alijibu, akaendelea na chai yake.

Mwakani! Na mtoto akizaliwa humu?

"Njoo hapa, mpenzi," alisema. Akatoa mkobani mashine aliyoichukua kambini bila ruhusa. Hewani ililia polepole, tik, tik. Alipoisogeza ukutani ikalia kama bisi kaangoni.

Okware akarudi nyuma. "Nini hiyo?"

"Mawe yana miali ya atomiki. Huioni, haina harufu, lakini ukilala nayo miaka inaharibu damu. Kambini wanajua. Wamenikataza kusema."

"Na kazi yako?"

"Imekwisha sasa hivi."

Okware aliitazama nyumba yake. Kisha akaokota mtaimbo.

"Harusi Jumamosi hii, husogezi tena?"

"Sisogezi tena. Tutalala jikoni kwa mama yako."

"Mama anakoroma."

"Wewe je? Nitazoea wawili."

Nyuma ya ua, jirani yao Mama Apendi alikuwa ananyoosha shingo. Mafiga yake yalitoka kilima kile kile.

"Mama Apendi!" Adeke aliita kwa sauti ya kufika barabarani. "Leta mafiga yako hapa, tuyapime!"

Nyuma yake jiwe la kwanza la ukuta likaanguka.