Sifa Mbele ya Polisi wa Mtaa

Jumamosi moja ya Aprili soko la Breda, Uholanzi, lilifurika watu hadi kukanyagana. Mbele ya kibanda cha samaki alisimama Marloes, msusi wa miaka thelathini na mitatu, ndani ya koti la mvua la manjano, vidole vikiwa bado na weusi wa dawa ya nywele. Alikuwa ameinua uso juu, amemshika mkia samaki mbichi, tayari kumteremsha kooni.

"Dada, huyo hajafa vizuri!" ilisema sauti ya kiume, kwa Kiingereza cha kuungaunga.

Akageuka. Mwanamume mrefu mwenye nyusi nzito, shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi kana kwamba anakwenda kuoa, alikuwa akimtazama kwa hofu ya kweli.

"Amekufa tangu juzi," Marloes akajibu. "Wewe umetoka wapi usiyejua samaki?"

"Georgia. Kwetu hata adui humpi samaki mbichi."

"Onja kwanza. Ukitapika, nitakufulia hilo shati."

Akaonja. Hakutapika, ila machozi yalimtoka, na Marloes akacheka hadi muuza samaki akacheka naye. Jina la mwanamume lilikuwa Malkhaz, seremala wa mji wa Kutaisi, aliyekuja kumtembelea binamu yake kwa zile siku tisini ambazo watu wa kwao huruhusiwa kukaa bila viza. Siku zilizobaki alizimaliza nje ya saluni, akimsubiri Marloes atoke kazini.

Walioana Kutaisi kiangazi cha mwaka uliofuata. Mzee Toon, baba yake Marloes, mjane aliyekuwa dereva wa treni maisha yake yote, alicheza kwenye arusi ile kwa magoti yake magumu na kumwita mkwe wake "mwanangu" kabla ya glasi ya tatu. Kisha ikaja kazi ya kutafuta pa kuishi.

Uholanzi ilitaka mke awe na mkataba wa kazi wa muda mrefu ndipo mume aingie. Mkataba wa Marloes ulikuwa wa miezi sita sita. Lakini sheria ya Ulaya ina jambo la ajabu: Mholanzi huyohuyo akivuka mpaka na kufanya kazi Ubelgiji, mumewe ana haki ya kumfuata. Nchi iliyomzaa ilimfungia mlango, na jirani akamfungulia. Wengi wamepita njia hiyo. Marloes akapata kazi katika saluni ya Antwerp, mwendo wa chini ya saa moja kutoka kwa baba yake, wakapanga vyumba viwili juu ya duka la baiskeli.

"Sharti ni moja," Marloes alimweleza mumewe siku ya kwanza, akitundika mapazia. "Tuishi pamoja kwelikweli. Polisi wa mtaa atakuja bila taarifa kuangalia. Atachungulia hata kitanda."

"Aje! Nitampikia."

"Usimpikie, Malkhaz. Mjibu tu."

"Mgeni aje kwangu nisimpe chakula? Nimekuwa Mholanzi?"

"Biskuti moja inamtosha."

"Ndiyo maana mmekonda hivi, mpenzi wangu."

Walipewa karatasi ya muda. Malkhaz angeweza kukaa Ubelgiji akisubiri kadi ya ukaazi, lakini karatasi ile haikumruhusu kuvuka mpaka, hata kwenda kwa mkwewe kunywa kahawa.

Mwezi Novemba mzee Toon alianguka jikoni kwake, Breda, na upande wake wa kulia ukapooza. Marloes akaomba likizo, akapanda treni na mkoba mmoja. Siku ya tatu polisi wa mtaa akabisha hodi.

Aliitwa Luc, mtu mpole mwenye masharubu ya mvi na daftari. Malkhaz alimkalisha kwa nguvu, akamwekea mkate wa jibini uliotoka kwenye oveni na divai ya shamba la mjomba wake. Luc hakugusa.

"Bibi yuko wapi?"

Angeweza kujibu kwamba yuko kwa mgonjwa na atarudi Jumatatu. Ndiyo ilikuwa kweli, na ingetosha. Lakini kwa watu wa Malkhaz, binti anayemhudumia baba kwa siku nne kisha akarudi kwa mume, huyo si binti, na mume anayemhesabia siku hizo si mwanamume. Hakutaka mgeni aliyekaa mezani kwake amdharau mke wake. Akasimama kama anayetoa hotuba ya arusi, glasi mkononi.

"Mke wangu amehamia kwa baba yake, afande. Ataishi naye mpaka apone, hata ikichukua miaka kumi. Mimi nitasubiri hapa. Mwanamke kama huyu humpati mtaa huu wote!"

Luc akaandika, polepole, kila neno. Alipotoka, Malkhaz alirudi mezani akala mkate peke yake, ameridhika.

Wiki zikapita. Mzee hakupona. Likizo ya Marloes ikaongezwa, na Antwerp akawa anakuja Jumapili tu, macho mekundu, nywele zinanuka dawa za wagonjwa. Simu zao zikaanza kuwa fupi.

"Umekula?"

"Nimekula. Jumapili unakuja?"

"Sijui. Muuguzi hayupo."

"Wiki iliyopita pia hakuwepo."

"Unadhani niko huku nacheza dansi?"

"Sijasema."

"Umesema kwa pua, Malkhaz. Nakusikia unavyopumua."

Katikati ya Januari barua ikaja. Malkhaz aliipiga picha, akamtumia mkewe, kwa sababu yeye hakuijua lugha. Marloes aliisoma amesimama kando ya kitanda cha baba yake. Ombi limekataliwa. Mume mwenyewe amekiri kuwa mke amehama na kwamba hajui lini atarudi, hakuna maisha ya pamoja. Aondoke nchini ndani ya siku thelathini.

Akampigia Malkhaz simu.

"Uliwaambia nimekuacha?"

"Mimi? Nani kasema?"

"Imeandikwa hapa! Mimi nageuza mgonjwa mchana kutwa, wewe unanishtaki kwa polisi!"

"Marloes, roho yangu, nilimwambia—"

Akakata. Malkhaz alipiga mara nne, simu ikaita bure. Kiburi kikamzuia ya tano.

Siku kumi na moja hawakusemezana. Ya kumi na mbili Marloes aliingia Antwerp kuchukua nguo zake, koti la manjano limelowa, midomo ameibana. Malkhaz alikuwa amekaa sakafuni, ndevu zimemjaa, shati halijapigwa pasi.

"Niambie neno kwa neno ulilosema," Marloes akamwamuru.

Malkhaz akainuka. Bila kutaka, mkono wake ukainuka naye, kana kwamba una glasi, akairudia hotuba yote hadi mtaa mzima usio na mwanamke kama yeye.

Marloes akakaa kwenye sanduku la nguo.

"Ulikuwa unanisifu?"

"Ulitaka nikuseme vibaya mbele ya mgeni?"

Alicheka, kicheko kikageuka kilio, akamvuta kwa kola. Walikaa hivyo, paji kwa paji, wala hakuna aliyeomba msamaha, maana hawakujua wa kuombwa ni nani.

Mwanasheria, mama mmoja mwenye miwani mizito, hakuwadanganya.

"Mnaweza kukata rufaa. Lakini watauliza swali lilelile: mke anaishi wapi? Leo nitawajibu nini?"

Sasa yale Malkhaz aliyomwambia Luc yalikuwa kweli: mke aliishi kwa baba yake. Wauguzi wa mzee, hospitali yake na bima yake vyote vilikuwa Uholanzi.

"Nitamtafutia nyumba ya wazee," Marloes alisema njiani. "Nirudi hapa, tuombe upya."

"Amekubali?"

"Analia nikiitaja."

"Basi usiitaje tena." Malkhaz alisimama katikati ya watu. "Nitaondoka kabla siku hazijaisha, wasinifungie mlango wa kurudi. Ukiwa huru, hamia tena hapa, niite nije. Sheria bado ipo."

"Nikiwa huru. Unajua unachosema?"

"Najua," akasema, na macho yake yakamkwepa.

Kwenye uwanja wa ndege walishikana hadi jina la Malkhaz likaitwa mara mbili kwenye vipaza sauti.

Jioni ile Marloes alikuwa Breda, anamlisha baba yake supu ya njegere kwa kijiko. Mzee Toon alisema kwa nusu ya mdomo iliyobaki:

"Mwanangu ameondoka?"

"Ameondoka, baba."

"Ataweza kurudi lini?"

Marloes akachovya kijiko, akakipuliza, ingawa supu ilikuwa imeshapoa. Mzee alimtazama. Aliyeendesha treni miaka arobaini anajua watu wanapongoja, na wanangoja nini.

"Pole, binti yangu," akasema. "Moyo wangu bado una nguvu sana."

"Fungua mdomo, baba," Marloes akamwambia. "Bado nusu bakuli."