Pasi Zilizomkosa Gradi

Simu ililia mara moja.

"Paka yumo jikoni," alisema Bi Mayasa kutoka Dar es Salaam.

"Anataka nini?"

"Jeanne."

Bakiri, jasusi wake kutoka Tanga, alifunga zipu ya koti la huduma ya kwanza alilovaa ili asitiliwe shaka. Ilikuwa Julai 2017, na baridi ya Johannesburg ilikata masikio. Kwenye uwanja wa mpira wa Turffontein, jukwaani, alikaa Mama Jeanne, mshonaji wa Yeoville. Alialikwa akabidhi kombe. Kesho yake angesimama mahakamani kuwataja wasafirisha dhahabu ya magendo waliomuua mumewe.

"Muuaji ni mshambuliaji wa timu ya chuo kutoka Lubumbashi," Mayasa aliendelea. "Wako wanne. Watatu walikuwemo mwaka jana. Mmoja mgeni. Mbane mgeni."

"Nimwondoe mama?"

"Mwache. Chambo hakiondolewi."

Mgeni aliitwa Steve. Kipindi kizima alikimbia pasipo mpira, na mpira ulipokwenda, yeye hayupo. Mapumziko yalipofika, Bakiri alimvutia chooni na kushika kidole chake kidogo.

"Bunduki iko wapi?"

"Bunduki gani, papa? Mi sijue kitu!"

Kidole kilivunjika kama kijiti.

"Nani alikutuma?"

"Kocha! Aliniambia nicheze tu!"

Akavunja cha pili. Jibu halikubadilika.

Kipindi cha pili Steve alirudi uwanjani mkono ukiwa ndani ya jezi, machozi yakimtoka. Bakiri hakumhurumia. Alikasirika tu kwamba amepoteza muda.

Ndipo Jacques, mshambuliaji wa kati, alipopiga pasi ya kisigino kwenda kushoto bila kugeuza kichwa.

Mpira ukatoka nje.

Akapiga nyingine. Ikatoka pia.

"Eish, Jacques!" alipiga kelele shabiki mmoja wa Kikongo. "Uko napatia mizimu mpira?"

"Usimutukane bure," mwenzake alimjibu. "Mwaka jana Gradi alikuwa anangojea palepale. Walifunga macho imefumbwa! Leo Gradi iko wapi?"

Bakiri aligeuka ghafla.

Waliocheza pamoja msimu mzima hawatazamani. Miguu yao inajuana. Mgeni hupotea kila mahali, na hilo si kosa. Lakini mzoefu akipotea, moyo wake uko kwingine.

Gradi, winga wa kushoto, alikuwa ameganda kwenye mstari, chini ya jukwaa. Karibu na kasha la barafu lenye chupa za maji.

Pasi ya tatu ikatoka. Gradi aliukimbilia mpira, akaupita, akainama kwenye kasha. Mkono ukazama kati ya chupa.

Bakiri alifika na kuliangusha goti lake juu ya kifuniko.

Mfupa ulilia.

Kwenye mwanya aliona mdomo wa Glock yenye kiwambo cha sauti.

"Waliokutuma wako wapi?" alinong'ona, akikandamiza.

"Wamemushika mama yangu kule nyumbani! Wakisikia nimeshindwa, watamuchinja. Yaya, kaka yangu, nakuomba!"

Bakiri alikandamiza zaidi.

"Hapa mjini, Berea!" Gradi alipayuka. "Ghorofa ya tatu, juu ya saluni ya Murielle!"

Bakiri aliichomoa bastola na kuiingiza ndani ya koti. Kisha akapunga mkono kuita machela. Watazamaji walisimama wakampigia makofi majeruhi. Mama Jeanne naye alipiga, akatikisa kichwa kwa huruma.

Nje ya geti Bakiri alimpigia Mayasa simu.

"Berea. Ghorofa ya tatu, juu ya saluni ya Murielle. Polisi waingie sasa hivi."

Hata robo saa haikupita, simu ikalia.

"Wamenaswa wote," Mayasa alisema. "Ila mmoja aliwahi kupiga simu Lubumbashi."

"Basi mama yake Gradi amekwisha."

"Hakuwa kwenye agizo letu. Na yule mgeni?"

"Nilimvunja bure."

"Ulimwomba radhi?"

"Hilo nalo halikuwa kwenye agizo."

Alikata simu, akapandisha kola ya koti, akavuka barabara kwenye robot, taa za barabarani, zikiwa nyekundu, bila kuharakisha hatua.